Ree ya Kopa Haijatoka

Kijana alitupa seti ya kopa kwa kishindo, kama mtu mwenye hakika. Mpinzani wake akaila kwa ree. Seti ina pointi 10, ree ina 11. Pointi 21 zikahamia upande wa pili kwa mkupuo mmoja. Mzee aliyekuwa mwenzi wake hakufoka. Alimuuliza tu, "Ree ya kopa uliiona ikitoka, mjukuu wangu?" Kijana akanyamaza.

Ilikuwa jioni kwenye kijiwe cha bodaboda Makumira, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, Mlima Meru umejitanda mawingu. Chuo cha theolojia cha Walutheri kiko hapa tangu 1954, na sisi tuliokulia jirani nacho tuliambiwa kwamba karata ni mchezo wa wasio na kazi. Nimechelewa kuelewa kwamba wale wazee chini ya mti walikuwa kazini, kazi ya kichwa, na kwamba swali alilouliza mzee ndilo lililompa umaarufu mwanahisabati mmoja wa Marekani: kipi kimekwisha kutoka, na kwa hiyo kipi kimebaki?

Huku kwetu swali hilo lina mizizi mirefu. Vasco da Gama alitia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498. Wareno wakajenga Ngome ya Yesu kuanzia 1593, wakaipoteza kwa Waomani mwaka 1698. Waliondoka, lakini maneno yao ya mchezo yalibaki mdomoni mwa watu: karata, turufu, kopa, uru, shupaza, pau. Seti ni saba yao. Na wale wenye picha tukawaita wazungu: mzungu wa pili ni malkia, mzungu wa tatu ni yule kijana mtumishi, mzungu wa nne ni mfalme.

Utotoni nilijiuliza kwa nini mfalme awe wa nne na malkia wa pili. Jibu ni hesabu. Namba hizo ni pointi zao. Ndivyo zinavyohesabiwa hadi leo kule Ureno katika mchezo wa sueca: malkia 2, kijana 3, mfalme 4, saba 10, ree 11. Jumlisha upate 30 kwa kila aina, 120 kwa pakiti nzima. Mwenye 61 ameshinda. Nalipenda sana jambo hili. Mtu asiyejua hata neno moja la Kireno anatamka thamani ya karata ya picha kila anapoitaja kwa jina. Zisizo na pointi ni magarasa, na ndiyo maana aliyekosa bahati tunasema amelamba garasa, mwenye bahati amelamba dume.

Sasa twende Marekani. Mwaka 1956 wanajeshi wanne waliokuwa Aberdeen, Maryland, walichapisha namna bora ya kucheza blekijeki, ule mchezo wa ishirini na moja, baada ya kuipigia hesabu kwa mashine za mezani. Edward Thorp, aliyekuwa akifundisha chuo cha MIT, akaichukua kazi hiyo na kuiingiza kwenye kompyuta ya IBM 704. Wanne wale walihesabu kana kwamba pakiti ni nzima daima. Thorp akauliza: je, itakuwaje baadhi ya karata zikiwa zimekwisha kutoka? Akakuta kwamba tano zote nne zikiisha katika pakiti moja, mchezaji anamzidi mwenye kasino kwa zaidi ya asilimia 3. Mwaka 1961 alikwenda Nevada na dola 10,000 za wafadhili, akarudi na faida ya takriban dola 11,000. Kitabu chake kilitoka 1962.

Hesabu iliyoenea baadaye ni nyepesi, na msingi wake uliwekwa na Harvey Dubner. Ikitoka karata ya 2 hadi 6, ongeza moja. Ya 7 hadi 9, usiguse kitu. Ya 10, mzungu au ree, punguza moja. Jumla ikipanda, maana yake ndogo zimekwisha na kubwa zimebaki. Mgawaji, ambaye kanuni inamlazimisha kuchukua karata akiwa na 16, atapita 21 mara nyingi zaidi. Hapo mchezaji huongeza dau. Jumla ikishuka, hupunguza dau au huinuka mezani. Hisia na mkosi havina nafasi hapo. Kinachoamua ukae au uondoke ni kumbukumbu ya vilivyopita.

Kasino hazikukaa kimya; zilianza kuwafukuza wanaohesabu. Lakini mwaka 1982 mahakama ya juu kabisa ya New Jersey iliamua, katika kesi ya mchezaji Ken Uston, kwamba kasino za jimbo hilo haziwezi kumfukuza mtu kwa hiari zao wenyewe eti tu anahesabu. Basi kasino zikaongeza idadi ya pakiti, zikachanga karata mapema zaidi, na baadaye zikaja mashine zinazochanga bila kukoma. Karata ikirudishwa kwenye mashine hapo hapo, hesabu inakufa.

Hilo ndilo linaloniuma ninapopita mjini Arusha. Tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha tangu 2003 na bodi inayoisimamia, lakini vijana wanaosimama mbele ya dubwi, ile mashine ya kamari, hawachezi na kitu chenye kumbukumbu. Kila mzunguko unaanza upya. Kijana aliyeliwa mara kumi huamini zamu yake imekaribia, kana kwamba ndani ya sanduku lile kuna pakiti inayopungua. Hakuna.

Pale Makumira waligawa upya. Safari hii kijana alishika seti yake ya uru mkononi, macho yakimtembea kwenye karata zilizolala. Hakuitupa hadi ree ya uru ilipotoka. Baada ya raundi mbili mzee akaweka karata zake chini, mchezo haujaisha.

"Zimetimia," alisema.

Wakafunua lundo lao, wakahesabu kwa sauti. Zilikuwa 63.