Jibu la Mpenzi: Kujibizana kwa Tungo na Maneno ya Chakula katika Ugogo

Mtu apendaye hadithi hatosheki kwa kuisikiliza. Huirudia, huitia chumvi, huupinga mwisho wake, na shujaa aliyekufa mapema humrefushia maisha. Akikutana na wenzake wenye mapenzi kama yake, mazungumzo hayakawii kuacha njia. Katika zama hizi za intaneti kundi la namna hiyo huanza na kazi ya mtungaji fulani, likaendelea na nyongeza zilizotungwa na wapenzi wenyewe, na mara likajikuta linabishana juu ya pizza: ipi bora, ile nene ya Chicago iokwayo katika chombo chenye kina, au ile nyembamba ya New York ambayo mlaji huikunja mkononi? Wako wasomi waonao kwamba mambo hayo mawili, yaani kuendeleza kazi ya mwingine na kupotelea katika maneno ya chakula, ni mchezo wa watu waliokosa shughuli. Historia ya nyanda za kati za Tanzania yatoa ushahidi mwingine. Katika nchi ya Ugogo chakula kilikuwa njia mojawapo iliyopitiwa na Kiswahili, na kujibizana ilikuwa shule ya mtungaji mashuhuri wa nchi hiyo.

Kwanza yafaa kuondoa shutuma ya wizi. Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes katika hadithi ya mwaka wa 1893. Wasomaji wakalalamika hata mtungaji akalazimika kumrudisha. Tangu siku zile wengi wamemtwaa mpelelezi huyo wakamtungia visa vipya. Mmoja aliyenufaika naye ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda mashindano ya uandishi ya 1957–1958 kikachapishwa mwaka wa 1960. Bwana Msa wake ana kiko na ana rafiki wa kufuatana naye, kama Holmes. Lakini lugha yake, mzaha wake na mashamba anayopita ni ya Unguja. Ndivyo kilivyofanya pia chakula cha Forodhani kiitwacho pizza ya Zanzibar: jina limetoka Italia, bali kitu chenyewe ni unga mwembamba uliokunjwa juu ya nyama ya kusaga, kitunguu na yai, ukakaangwa. Mtu wa Napoli hawezi kudai ameibiwa, kwa maana kilichochukuliwa kwake ni jina, na kilichotiwa ndani ni cha wenyeji. Jibu jema ni la namna hiyo: hukiri lilikotoka, kisha huleta chake.

Katika Ugogo safari ya Kiswahili ilifungamana na chakula tangu mapema. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji haikuweza kuiepuka nchi hii kwa urahisi. Upande wa mashariki palikuwa na nyika kavu ya Marenga Mkali; upande wa magharibi palikuwa na Mgunda Mkali. Baina ya nyika hizo mbili wapagazi walifika wamechoka, wana njaa na kiu, na hawakuwa na budi kutoa hongo kwa watemi, kununua nafaka na kuomba visima. Biashara hiyo haikufanyika kwa kimya. Ilitaka salamu, mzaha, kutajiana bei na kulalamikiana. Hivyo lugha ya pwani ilifika Ugogo katika vinywa vyenye njaa kabla ya kufika katika vitabu, na wenye kuipokea waliipokea kama watu wenye kitu cha kuuza, wala si kama waombaji.

Nchi hiyo yenyewe haikupata kuwa na hakika ya chakula chake. Mvua zake ni za msimu mmoja, nazo ni chache. Kwa sababu hiyo wenyeji walitegemea uwele na mtama, mimea istahimiliyo ukame, na ng'ombe wao. Ugali wa uwele una kitoweo chake, mlenda, ambao majani yake huliwa mabichi wakati wa masika, ama hukaushwa na kusagwa yapate kudumu hadi kiangazi. Mzee wa Ugogo abishanaye juu ya mlenda mbichi na mlenda mkavu hazungumzi juu ya ladha peke yake; azungumza juu ya miezi ambayo hapana kitu shambani. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliipa jina: Mtunya. Watu waipao njaa jina lake kama mtu apewavyo hawawezi kuhesabu maneno ya chakula kuwa ni maneno ya upuuzi. Kwao hayo ni sehemu ya tarehe ya nchi.

Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka wa 1917, Muntundya katika Ihumwa, karibu na Dodoma. Yaani alikuja duniani pamoja na Mtunya. Lugha ya mama yake ilikuwa Cigogo. Alichunga mifugo, akasoma katika shule za misheni, akawa mwalimu, na baadaye akaitumikia serikali. Mashairi ya Kiswahili hakuyarithi kwa wazazi. Aliyafikia kwa kusoma na kujibu. Reli ya Kati ilikuwa imefika Dodoma mwaka wa 1910, na tangu 1923 gazeti la Mambo Leo lilichapwa Dar es Salaam likasambazwa barani. Katika kurasa za magazeti ya zama hizo washairi waliulizana mafumbo, wakapingana, wakataniana. Mtu wa Tanga aliweza kujibiwa na mtu wa Ujiji ambaye hawajaonana kamwe. Aghalabu mjibu alishika bahari ileile na vina vilevile vya mwenziwe, akamheshimu kwa umbo na kumpinga kwa maana. Kwa adabu hiyo hapakuulizwa mshairi amezaliwa wapi. Paliulizwa kama mizani yake imetimia.

Mwaka wa 1954 vilitoka vitabu viwili vyenye kuonyesha matunda ya shule hiyo. Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alitoa sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Na Mnyampala alitoa Historia, Mila na Desturi za Wagogo, akiyatia masimulizi ya wazee wake katika Kiswahili. Mwaka wa 1961 kilifuata Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili, na mwaka wa 1963 Utenzi wa Enjili Takatifu. Katika utenzi huo kisa si chake, na watu wake wanajulikana ulimwenguni kote. Alichokiongeza ni umbo la utenzi, ambalo washairi wa pwani walilitumia karne nyingi kwa visa vya Uislamu. Mkristo wa Ugogo alitwaa chombo cha pwani akatia ndani yake hadithi aliyoipenda. Asemaye kwamba kuendeleza kazi za wengine hakuzai kitu na auweke utenzi huo katika mizani.

Lakini historia hii ina onyo pia. Mnyampala ndiye aliyezipa ngonjera umaarufu, yaani mashairi ya kujibizana yasemwayo jukwaani. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Rais Julius Nyerere aliwaomba washairi, mwaka wa 1968, waeneze siasa mpya kwa tungo zao. Na chama cha UKUTA, ambacho Mnyampala alipata kukiongoza, kiliitikia. Yeye alifariki mwaka wa 1969, na ngonjera zikaenea mashuleni. Ziliwafundisha watoto wengi kusimama mbele ya watu na kusema Kiswahili kwa ufasaha. Faida hiyo haikanushiki. Hata hivyo, katika nyingi ya hizo mwisho ulijulikana kabla ya mwanzo: mjinga huuliza, mjuzi hujibu, mjinga hushukuru. Umbo la majibizano lilibaki, bali hatari yake iliondoka. Katika magazeti ya zamani mshairi hakujua atajibiwa nini. Katika ngonjera ya namna hii wasemaji wote wawili walipewa maneno na mtu mmoja. Na pasipo na hatari ya jibu, mazungumzo hayana ruhusa ya kuacha njia.

Mwaka wa 1973 Dodoma iliteuliwa kuwa makao makuu ya nchi, na mwaka wa 2007 chuo kikuu kilianzishwa huko. Vijana wa pwani, wa maziwa na wa milima hukutana katika nchi ambayo zamani misafara ilisimama kununua nafaka. Wakiendeleza hadithi za watu wengine, kisha wakabishana ugali wa uwele na pizza, mwalimu asiwakemee upesi. Awaulize maswali mawili: katika kazi waliyoitwaa wametia nini cha kwao, na je, mwenzao ana uhuru wa kuwajibu wasivyotazamia? Wakiweza kujibu hayo, wamo katika shule ileile iliyomlea mtoto wa Mtunya.