Dawa ya fangasi ilivyofika Kisesa

Msimu wa mpunga watu wa Kisesa, mkoani Mwanza, hushinda majalubani, maji yakiwafika vifundoni. Jioni mtu akinawa miguu anaona ngozi kati ya kidole cha nne na cha mwisho imelainika, imekuwa nyeupe, na inawasha hadi usingizi unakatika. Kesho yake yuko kwenye duka la dawa kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, akiulizia dawa ya fangasi. Anapewa tyubu ya gramu 20.

Kabla ya tyubu kulikuwa na kopo. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari wa ngozi wa London, Arthur Whitfield, alichanganya asidi ya benzoiki na asidi ya salisiliki ndani ya mafuta mazito. Mchanganyiko uliokuja kuzoeleka ni asilimia 6 kwa 3. Salisiliki hubambua ngozi ya juu, mahali fangasi wanapojificha. Benzoiki huwazuia kukua. Marhamu hiyo huchonyota ikigusa kidonda, lakini haidai kiwanda: mfamasia wa hospitali anaweza kuikoroga mwenyewe akiwa na mizani tu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, marhamu ya Whitfield ilikuwamo.

Wakati huo krimu mpya ilikwisha kuzaliwa Ujerumani. Wataalamu wa Bayer waliigundua klotrimazoli mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1973 ikaingia sokoni kwa jina la Canesten. Inawanyima fangasi ergosteroli, mafuta yanayoushikilia utando wa seli zao. Seli za binadamu hazina ergosteroli, zinatumia kolesteroli, ndiyo maana krimu inamuumiza fangasi na kumwacha mwenye ngozi salama. Haki za ugunduzi zilipokwisha muda, viwanda vingine, hasa vya India, vikaanza kuitengeneza kwa bei ambayo mkulima anaimudu.

Huku Tanzania, serikali iliunda Bohari ya Dawa, ya kusambazia dawa vituo vya afya, kwa sheria ya mwaka 1993, nayo ina kanda yake Mwanza. Lakini dawa ya ngozi haina mtetezi. Fedha za zahanati zikipungua, dawa za malaria na za kuua bakteria hutangulia, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo, maana muwasho hauui. Kwa hiyo historia ya krimu hii Kisesa ni ya dukani kuliko ya hospitalini. Miaka mingi duka hilo lilikuwa la dawa baridi, zile zisizohitaji cheti cha daktari. Mwaka 2003 mkoa wa Ruvuma ulianza mpango wa duka la dawa muhimu, lenye muuzaji aliyepewa mafunzo, na baadaye mpango huo ukaenea nchi nzima.

Kisesa ina sababu yake ya kuitazama ngozi kwa hofu. Mwaka 1994 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Mwanza, walianza kufuatilia VVU kaya kwa kaya katika kata hii. Kinga ikishuka, fangasi hujitokeza mapema, mdomoni na kwenye ngozi. Kabla dawa za kufubaza virusi hazijafika, mabaka mwilini yalitosha kumfanya mtu anyooshewe kidole, hata kama ni choa cha kawaida, yale mashilingi aliyoambukizwa na ndama.

Kinachonitia uchungu zaidi leo kimo kwenye rafu ya duka lilelile. Pembeni ya klotrimazoli tupu kuna krimu iliyochanganywa na betamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Hii hukata muwasho kwa siku mbili, na mteja hurudi kuisifu. Wekundu umefifia, ukingo wa choa umepotea, ila kinga ya ngozi imelazwa na fangasi wanatambaa chini kwa chini. Madaktari wa Uingereza walilieleza jambo hili mwaka 1968. India sasa inahangaika na fangasi sugu aliyepewa jina la Trichophyton indotineae mwaka 2020, na madaktari wa huko wanazitaja krimu hizo za mchanganyiko miongoni mwa sababu.

Mapunye nayo huwapotezea wazazi fedha. Fangasi wa kichwani huingia ndani ya unywele hadi kwenye shina, krimu isikofika. Mtoto anahitaji vidonge vya griseofulvini kwa wiki kadhaa, huku mashine ya kinyozi ikisafishwa.

"Mayu, paka asubuhi na jioni, na usiache baka likipotea, endelea wiki mbili," muuzaji mzuri humwambia mama. Mama anaitikia kwa kichwa. Nyumbani anao watoto watatu wenye mabaka mgongoni, na tyubu ni moja. Siku ya sita anaikata kwa wembe, anaipanua na kukwangua kilichobaki kwa ncha ya kidole.