Msimbo mfu

Msimbo mfu ni maagizo ya programu yasiyobadili chochote: ama hayafikiwi kamwe, ama jibu lake halitumiki popote. Mwandishi akizidisha 7 kwa 6, kisha 42 hiyo isiguswe tena, kompaila huifuta hesabu nzima inapoigeuza programu kuwa lugha ya mashine. Frances Allen na John Cocke wa IBM waliuingiza ufutaji huu katika orodha yao ya mbinu za kuboresha programu mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Jina “mfu”, kwangu, halitoshi. Wakulima wa kahawa kutoka Rau kupanda Uru, mkoani Kilimanjaro, wana neno sahihi zaidi: maotea, yale machipukizi mabichi yanayonyonya nguvu ya mbuni. Huondolewa kwa kupogoa yangali hai. Basi tuseme kupogoa msimbo.

Tena mpogoaji huweza kukata pasipotakiwa. Programu makini ikimaliza kutumia nywila, hujaza sifuri mahali ilipokuwa kwenye kumbukumbu. Kompaila huona sifuri hizo hazisomwi na yeyote, huzifuta, na nywila hubaki wazi palepale. Ndiyo sababu toleo la C23 la lugha ya C likaongeza memset_explicit, amri ambayo kompaila hairuhusiwi kuiondoa.