Kila Kifurushi na Fungu Lake? Historia Fupi ya Kupanga Ghala la Programu Huria

Utangulizi

Wakati fulani wanafunzi wa mwaka wa tatu katika idara yetu walipewa kazi ya kupanga upya folda ya kompyuta tunamohifadhi mihadhara, tasnifu na mitihani ya zamani. Walikuta mafungu manne: Sarufi, Fasihi, Isimujamii na Mengineyo. Fungu la Mengineyo lilikuwa kubwa kuliko yale matatu yakiunganishwa. Ndani yake mlikuwa na tasnifu moja kuhusu lugha ya nyimbo za kampeni. Wapo waliotaka iende Fasihi kwa kuwa nyimbo ni fasihi, na wapo waliotaka iende Isimujamii kwa kuwa swali lake lilihusu matumizi ya lugha katika jamii. Tulibishana karibu saa nzima, kisha tukairudisha tulikoitoa.

Tatizo hilo si letu peke yetu. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi lilivyowakabili watu waliokuwa na mzigo mkubwa zaidi, yaani wajenzi wa mfumo wa kompyuta uitwao Debian. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, mambo yake yamefanyika hadharani na kuandikwa, hivyo historia yake inafuatilika. Pili, walimu na wanafunzi wa Kiswahili watayatambua mengi waliyoyapitia wajenzi hao, maana ubishi huo tumeuzoea katika somo la ngeli.

Ghala na rafu zake

Debian ilitangazwa na Ian Murdock, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani, tarehe 16 Agosti 1993. Ni mkusanyo wa programu huria, yaani programu ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadili na kuzigawa. Kila programu hufungwa pamoja na maelezo yake katika kifurushi, na vifurushi vyote huwekwa katika ghala moja. Kila kifurushi kina mtunzaji wake, na watunzaji hao wametapakaa duniani, wengi wao wakijitolea.

Toleo la 1.1, lililotoka Juni 1996, lilikuwa na vifurushi 474. Idadi hiyo mtu mwenye subira anaweza kuisoma yote kwa siku moja. Ghala liligawanywa katika sehemu, kama rafu za duka: programu za kuhariri matini, za barua, za hisabati, michezo, mtandao na kadhalika. Ilikuwapo pia sehemu ya mchanganyiko, ndugu yake Mengineyo yetu. Katika maelezo ya kila kifurushi mtunzaji aliandika mstari mmoja wa kutaja sehemu yake. Sehemu ilikuwa moja tu, na wasimamizi wa ghala walikuwa na uwezo wa kuibadilisha kama hawakuridhika nayo.

Kuna jambo la kuzingatia katika orodha ya rafu za miaka hiyo. Ilikuwapo rafu maalumu kwa ajili ya redio za mawasiliano za watu binafsi, wale wanaozungumza na wenzao wa mbali kwa mitambo yao wenyewe. Rafu ya elimu haikuwapo. Sababu haikuwa dharau kwa elimu. Rafu hufuata wajenzi, na miongoni mwa wajenzi walikuwamo mashabiki wa redio. Bruce Perens, aliyeongoza Debian baada ya Murdock, alikuwa mmoja wao, na mfumo wa kompyuta kwa watumiaji wa redio hizo ni miongoni mwa mambo yaliyomvuta kwenye kazi hiyo. Walimu hawakuwapo kwa wingi kudai rafu yao. Mwaka 2001 Wanorwe walianzisha Skolelinux, mradi wa kupeleka programu huria shuleni, nao baadaye ukaungana na kazi ya elimu ndani ya Debian. Hata hivyo, sehemu ya elimu iliingizwa rasmi katika kanuni za Debian mwaka 2012, yaani karibu miaka ishirini baada ya mfumo kuanza.

Rafu zinapogeuka kuwa lebo

Ghala lilikua haraka. Mwaka 1998 toleo la 2.0 lilikuwa na vifurushi zaidi ya 1,500. Mwaka 2002 toleo la 3.0 lilikuwa na takriban 8,500, na mwaka 2005 toleo la 3.1 likafikia 15,400 hivi. Hadi mwaka 2000, sehemu ilikuwa mahali hasa: faili la programu ya kuhariri lilikaa ndani ya saraka ya uhariri. Kifurushi kikihamishwa kutoka sehemu moja hadi nyingine, faili lilihama pia. Aidha, faili moja lililohitajika katika matoleo mawili ya mfumo lilileta usumbufu mkubwa kwa wahifadhi.

Mwezi Desemba 2000 mpango huo uliachwa. Faili zote zilianza kuhamishiwa katika bwawa moja, zikapangwa kwa alfabeti kufuatana na jina la programu. Sehemu haikufutwa, ila ilibadilika hadhi. Ilibaki kuwa neno lililoandikwa katika maelezo ya kifurushi, na haikuamua tena faili likae wapi. Kwa maneno mengine, kuhifadhi kulitenganishwa na kuainisha.

Hata alfabeti ilikuwa na tatizo lake, nalo litawachekesha watunga kamusi. Programu nyingi mno zina majina yanayoanza na herufi tatu "lib", kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya maktaba, kwa kuwa ni makusanyo ya vipande vya programu vinavyotumiwa na programu nyingine. Zingewekwa zote chini ya L, herufi hiyo ingefurika. Ikaamuliwa kwamba zenye mwanzo huo zigawanywe kwa kutazama herufi ya nne. Hilo "lib" linafanya kazi kama kiambishi awali, na sisi tumewahi kukutana na taabu hiyo hiyo. Katika kamusi ya Johnson ya Kiswahili-Kiingereza ya mwaka 1939, msomaji anayetafuta "msomaji" hupelekwa kwenye kitenzi "soma". Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliorodhesha nomino kama zilivyo, na kwa hiyo herufi K na M zikanenepa. Njia ya kwanza inamtaka mtafutaji ajue sarufi kabla ya kufungua kamusi. Ya pili inamrahisishia kutafuta, lakini inawatawanya ndugu wa mzizi mmoja.

Somo kutoka maktaba

Mpango wa bwawa ulitatua suala la kuhifadhi. Suala la kutafuta lilibaki: mtu asiyejua jina la programu ataipataje kati ya vifurushi elfu kumi na tano? Mjenzi mmoja wa Debian kutoka Italia, Enrico Zini, alilitafutia jibu nje ya fani ya kompyuta, katika ukutubi.

Wasomaji wetu wanaujua mfumo wa Dewey, uliochapishwa mwaka 1876, kwa sababu ndio unaotumika katika maktaba nyingi. Katika mfumo huo kitabu cha sarufi ya Kiswahili hupata namba 496.392, na diwani ya Shaaban Robert hupata 896.392. Kati ya namba hizo mbili kuna rafu za sayansi, tiba, kilimo na sanaa. Mwanafunzi anayechunguza sarufi ya ushairi hutembea kutoka pembe moja ya maktaba hadi nyingine. Mfumo haukukosea hesabu. Kitabu ni kimoja na kinaweza kukaa mahali pamoja tu, kwa hiyo ilibidi swali moja litangulizwe: je, hiki ni cha lugha au cha fasihi?

S. R. Ranganathan, aliyezaliwa India mwaka 1892, alikuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kuteuliwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924. Mwaka 1933 alitoa mfumo wa uainishaji wenye mantiki tofauti. Badala ya kuuliza kitabu ni cha fungu gani, aliuliza maswali kadhaa kwa zamu: kiini chake ni nini, kinahusu kitu gani, tendo gani, mahali gani na wakati gani. Majibu yaliunganishwa kwa alama, maarufu zaidi ikiwa nukta mbili. Kila swali ni upande mmoja wa kitabu, na kitabu kina pande nyingi.

Zini alilichukua wazo hilo la pande, akalitumia katika kazi aliyoiita Debtags. Alilieleza mbele ya wajenzi wenzake katika mkutano wa DebConf uliofanyika Ufini Julai 2005. Kila kifurushi kilipewa lebo nyingi kadiri ilivyohitajika, kila lebo ikiwa chini ya upande wake: kazi ya kifurushi ni nini, kinatumika kufanya nini, kinashughulikia data ya aina gani, kinahusu taaluma gani, kinahusu utamaduni gani. Isimu ilipata lebo yake katika upande wa taaluma, na kamusi katika upande wa data. Mtafutaji aliweza kusema: nataka programu, ya isimu, inayoshughulikia kamusi. Hakulazimika kubuni mtunzaji aliiweka rafu gani.

Hata hivyo, lebo hazijibandiki zenyewe. Lazima awepo mtu anayekijua kifurushi, akae na kujibu maswali yote ya pande. Vifurushi viliongezeka haraka kuliko mikono iliyojitolea, na vingi vilibaki na lebo pungufu au bila lebo kabisa. Wakati huohuo rafu za zamani ziliendelea kuongezwa. Mwaka 2009 orodha ya sehemu ilipanuliwa sana, ikiwa na sehemu mpya za lugha mbalimbali za kutungia programu, fonti, video na ujanibishaji. Toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, lina vifurushi zaidi ya 69,000. Sehemu za zamani bado zimo.

Umbo na upatanisho

Mwalimu wa sarufi ataona haya yote yanafanana na mjadala wa ngeli. Tangu Bleek katika miaka ya 1860 na Meinhof mwishoni mwa karne ya 19, nomino za lugha za Kibantu zimeainishwa kwa viambishi vyake. Kwa kigezo hicho "kiongozi", "kijana" na "kifaru" ni vya KI-VI. Lakini hakuna Mswahili asemaye "kiongozi kimefika". Husema "kiongozi amefika", na kwa kigezo cha upatanisho neno hilo linaingia A-WA pamoja na "mtu" na "simba". Wanafunzi hutuuliza kila mwaka ni jibu lipi la kuandika kwenye mtihani. Sisi huwajibu kwamba inategemea swali limeuliza umbo au upatanisho.

Jibu hilo ndilo ambalo Debian ililifikia baada ya miaka kumi na zaidi ya kazi. Kitu kina umbo lake na kina mahusiano yake. Umbo linatosha kukipa mahali pa kukaa. Mahusiano ndiyo yanayomsaidia mtu kukipata. Anayelazimisha kigezo kimoja kifanye kazi zote mbili ataishia kujaza fungu la Mengineyo.

Kiswahili kiko rafu gani?

Tuje sasa kwenye linalotuhusu moja kwa moja. Ndani ya ghala la Debian kimo kifurushi cha kukagua tahajia ya Kiswahili. Jina lake ni hunspell-sw: sehemu ya kwanza ni jina la programu ya kukagua tahajia, na "sw" ni kifupi cha kimataifa cha Kiswahili. Je, hicho ni kifurushi cha matini, cha ujanibishaji au cha elimu? Vyovyote kitakavyowekwa, mwalimu wa sekondari asiyelijua jina hilo hatakifikia kwa kutembea rafuni. Neno "Kiswahili" halimo katika jina lake. Kifurushi kipo na ni cha bure, lakini kwake ni kama hakipo.

Mfano mwingine unatoka katika mkusanyo wa mfumo wa FreeBSD, ulioanza mwaka 1994. Huko kifurushi kinaweza kutajiwa mafungu kadhaa, la kwanza likiwa ndilo makao yake, na kanuni inasema fungu la lugha hutangulia daima. Fonti za Kijapani huwekwa kwanza chini ya Kijapani, kisha chini ya fonti. Yapo mafungu ya Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kipolandi, Kivietinamu na mengineyo. La Kiswahili halipo. Hatuwezi kusingizia hati, maana Kifaransa na Kipolandi hutumia alfabeti ya Kirumi kama sisi. Kama ilivyokuwa kwa redio na elimu, rafu hujengwa na waliofika kazini.

Hitimisho

Tumeona kwamba ghala linalokua haliwezi kupangwa mara moja likaisha. Lilianza kwa rafu, likatenganisha kuhifadhi na kuainisha, likajaribu pande nyingi, na bado linahitaji watu wa kuandika maelezo. Kazi hiyo ya mwisho si ya wahandisi peke yao. Kujua kwamba programu fulani inahusu isimu, tahajia au kamusi, na kuieleza kwa Kiswahili kinachoeleweka, ni kazi ya mtu aliyesomea lugha. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mjenzi asiyesoma Kiswahili hawezi kukisia mwalimu wa Kiswahili atatafuta kwa neno gani.

Ama folda yetu, tuliacha kuigawa. Tasnifu zote sasa zimo katika orodha moja kwa mwaka na jina la mwandishi, na kila moja ina mstari wa maneno: mada, eneo, nadharia, lugha zinazohusika. Ile ya nyimbo za kampeni ina neno fasihi na neno isimujamii, na ubishi umekwisha. Kazi iliyobaki ni kuandika mistari ya tasnifu za zamani ambazo hakuna aliyezisoma tangu zilipowasilishwa. Tunawaomba wanafunzi wa mwaka huu waje tugawane.