Haki Haiwekwi Kiporo

Vijana wenzangu, mara ngapi tumepita Kariakoo bila kujiuliza jina lile limetoka wapi? Limetoka vitani. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, palikuwa na kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Babu zetu walibebeshwa mizigo ya jeshi, na maelfu wakafa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Vita vya nani? Swali hilo kuna mtu alishalijibu.

Mei 1915 W.E.B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, aliandika katika jarida la Atlantic Monthly makala juu ya mizizi ya Kiafrika ya vita vile. Wengine walitaja risasi ya Sarajevo. Yeye akasema wakubwa wa Ulaya wanagombania ardhi, dhahabu, mpira na jasho la mtu mweusi, na mfanyakazi wa kizungu naye kaahidiwa kipande cha ngawira. Kwa hiyo amani ya kudumu haitakuja mpaka Mwafrika apate ardhi yake, elimu na kujitawala.

Na nyumbani kwake je? Weusi walinyongwa na makundi ya watu na kunyimwa kura. Julai 1917, baada ya mauaji ya East St. Louis, aliandamana na maelfu mjini New York, kimya kimya, ngoma tu zikilia.

Halafu akateleza. Julai 1918, katika The Crisis, jarida alilolihariri mwenyewe, aliwaomba weusi waweke kando malalamiko yao mpaka vita viishe. Wenzake wakamjia juu, maana wakati huohuo ilikuwa inazungumzwa apewe ukapteni jeshini. Cheo chenyewe hakukipata.

Vita vikaisha, malipo yakaonekana. Mwaka 1919 ghasia za Chicago ziliua watu 38, 23 kati yao weusi. Huko Versailles makoloni ya Mjerumani hayakurudishiwa wenyewe. Tanganyika ikaangukia kwa Mwingereza. Du Bois alikuwa keshageuka: Februari aliitisha Kongamano la Pan-Afrika Paris, na Mei akaandika kwamba askari weusi wanarudi nyumbani kupigana tena, safari hii kudai haki.

Mimi simcheki. Ila namwamini zaidi yule wa 1915. Ukiambiwa haki ingoje kwanza, kumbuka kiporo huchacha.