Sakafu ya mbao katika baraza ya vioo: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

BARAZA ya vioo, yaani chumba kilichoshikamanishwa na nyumba na ambacho kuta zake, na pengine hata paa lake, ni za kioo, ni ujenzi ulioenea kutoka nchi za baridi. Nchini Uingereza, ambako kodi ya vioo ilifutwa mwaka wa 1845, matajiri walijenga vyumba vya aina hii ili kunasa joto la jua na kuhifadhi mimea iliyoletwa kutoka nchi za joto. Nchini Kenya, chumba hiki huwafaa zaidi wakazi wa nyanda za juu, mathalani Limuru na Nyeri, ambako asubuhi za Julai huwa na baridi kali na mwangaza wa jua hutamaniwa.

Wenye nyumba wengi hupendelea kutandika mbao katika chumba hiki kwa sababu ya uzuri wake na kwa kuwa hazina ubaridi wa vigae. Hata hivyo, hakuna chumba kinachozitesa mbao kuliko hiki. Mchana joto hupanda upesi, usiku hushuka upesi vilevile, na hewa hubadilika kutoka ukavu wa Februari hadi unyevu wa mvua za masika. Sakafu iliyoteuliwa vibaya inaweza kupinda, kuachana au kuinuka katikati kabla ya mwaka kwisha, na gharama ya kuing'oa humwangukia mwenye nyumba peke yake.

Mbao za tabaka ni nini?

Sakafu za mbao zinazouzwa madukani ni za aina tatu, na ni muhimu mnunuzi azitofautishe.

Aina ya kwanza ni ubao mzima, uliopasuliwa kutoka kwa gogo moja. Aina ya pili ni ubao wa tabaka, ambao juu una mti halisi wa thamani wenye unene wa kati ya milimita 2 na 6, na chini una plaiwudi au tabaka za mbao laini zilizogandishwa kwa gundi. Aina ya tatu ni laminati, ambayo kwa hakika ni unga wa mbao ulioshindiliwa, ukabandikwa picha ya mbao na kufunikwa kwa utando mgumu wa plastiki.

Laminati ina matumizi yake, na bei yake ni nafuu, lakini haiwezi kupigwa msasa ikichakaa. Mnunuzi asikubali kuuziwa laminati kwa bei ya mbao. Njia rahisi ya kuzitambua ni kutazama ubavu wa kipande kilichokatwa. Iwapo nyuzi za mti zinazoonekana juu zinaendelea ubavuni kwa milimita kadhaa, hiyo ni mbao. Iwapo kuna mstari mwembamba kama karatasi juu ya kitu chenye rangi moja ya hudhurungi, hiyo ni laminati.

Ubao wa tabaka si uvumbuzi wa jana. Gustaf Kähr wa Uswidi alipata hataza ya sakafu ya aina hii mwaka wa 1941, akinuia kutatua tatizo lile lile la mbao kupinda.

Kwa nini mbao husogea

Mti hata ukikatwa na kukaushwa huendelea kuvuta na kutoa unyevu wa hewa. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 50, ubao hutulia ukiwa na maji ya takriban asilimia 9 ya uzito wake mkavu. Hewa ikifikia unyevu wa asilimia 65, kiwango hicho hupanda hadi karibu asilimia 12, na katika asilimia 80 hufika 16 hivi.

Ubao haurefuki kwa kiasi cha kutiliwa maanani, ila hutanuka upana. Kwa miti mingi migumu, kila asilimia moja ya maji inayoongezeka hutanua ubao kwa takriban robo ya asilimia moja ya upana wake. Chumba chenye upana wa mita 4 kilichotandikwa mbao nzima, zikipanda kutoka asilimia 9 hadi 12, kitahitaji nafasi ya milimita 30 zaidi. Nafasi hiyo isipokuwapo, sakafu haina budi kuinuka.

Hapo ndipo ubao wa tabaka unapopata sifa yake. Nyuzi za kila tabaka hulazwa zikikingama nyuzi za tabaka iliyo chini yake. Tabaka moja inapotaka kutanuka, ya pili, ambayo haitanuki upande huo, huizuia. Ubao bado husogea, lakini kwa kiasi kidogo mno ukilinganishwa na ubao mzima. Kwa sababu hii, anayesisitiza kuwa na mbao katika baraza ya vioo hushauriwa achague za tabaka.

Unene na gundi

Unene wa tabaka ya juu ndio unaoamua umri wa sakafu. Tabaka ya milimita 2 huenda ikastahimili msasa mara moja tu, ilhali ya milimita 6 inaweza kupigwa msasa mara kadhaa katika maisha yake. Kwa nyumba ya familia, tabaka ya milimita 3 au 4 juu ya ubao wenye unene wa jumla wa milimita 14 au 15 inatosha.

Hata hivyo, tabaka nene mno ya juu hutenda kama ubao mzima na kujaribu kuzishinda tabaka za chini. Vilevile, ubao mpana husogea kuliko mwembamba. Katika chumba cha vioo, ubao mwembamba kiasi ndio salama.

Kilicho chini hakionekani, na hapo ndipo wauzaji wasio waaminifu hupunguzia gharama. Mnunuzi aombe kipande kidogo, akiloweke ndani ya maji kwa saa 24, kisha akikaushe. Tabaka zikiachana, gundi hiyo haifai. Aidha, aulize kiwango cha gesi ya fomaldehaidi inayotoka katika gundi, maana chumba cha vioo kilichofungwa hupata joto, na joto huzidisha utokaji wa gesi hiyo. Alama ya E1 ya Ulaya huonyesha kwamba kiwango hicho kimedhibitiwa.

Jua la ikweta

Nairobi iko karibu nyuzi moja na robo tu kusini mwa ikweta. Kila mwaka, karibu na Machi 21 na Septemba 23, jua la adhuhuri husimama takriban wima juu ya paa. Maana yake ni kwamba paa la kioo, ambalo huko Uingereza hukaribisha jua dhaifu la upande, hapa huligeuza chumba kuwa tanuri. Mwenye nyumba ambaye bado hajajenga atafanya vyema kuweka paa la kawaida na kubakiza vioo kutani.

Watengenezaji wengi hutaka joto la uso wa sakafu lisizidi nyuzi 27 za Selsiasi. Penye jua la moja kwa moja kiwango hicho hupitwa kwa wepesi, hasa sakafu ikiwa ya rangi nyeusi, kwani rangi hiyo hufyonza joto. Mapazia, madirisha yanayofunguka juu na chini, na mbao za rangi ya wastani hupunguza athari hiyo.

Jua pia hubadilisha rangi. Mwaloni hugeuka wa kahawia ya asali, walnati hufifia, na mcheri hukoza. Zulia lisilosogezwa huacha alama. Kioo cha kawaida hupitisha sehemu kubwa ya miali inayodhuru, ilhali kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando wa plastiki katikati huzuia karibu miali yote ya urujuanimno.

Simiti ikauke kwanza

Kosa linaloharibu sakafu nyingi halitokani na mbao, bali na haraka ya kuzitandika. Simiti hupata nguvu zake baada ya siku 28, lakini kupata nguvu si kukauka. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba simiti hukauka kwa milimita moja kwa siku katika milimita 50 za kwanza, na polepole zaidi baada ya hapo. Sakafu ya simiti yenye kina cha milimita 100 huhitaji miezi kadhaa.

Anayejenga upya ahakikishe polithini ya geji 1000 imetandazwa chini ya simiti ili kuzuia maji ya ardhini. Ambaye simiti yake ilikuwapo tayari anaweza kubandika kipande cha polithini sakafuni kwa utepe pande zote na kukiacha kwa siku mbili au tatu. Matone yakionekana ndani, au simiti ikigeuka nyeusi, kazi na ingoje. Kwa uhakika zaidi, fundi apime kwa kipima unyevu. Mbao haziwekwi kabla ya kipimo cha juu ya simiti kushuka hadi asilimia 75.

Katika hatua hii pia mchwa wasisahaulike. Tabaka na gundi haziwazuii. Udongo hunyunyiziwa dawa kabla ya simiti kumwagwa, na kingo za baraza hukaguliwa mara kwa mara kuona iwapo kuna vijia vya udongo.

Uwekaji na utunzaji

Mbao zikifika, zilazwe ndani ya chumba hicho kwa siku mbili au tatu, au kadiri mtengenezaji alivyoelekeza, ili zizoee hewa yake. Nafasi ya kati ya milimita 10 na 15 iachwe kandokando ya kuta zote na kufichwa kwa ubao mwembamba uliopigiliwa ukutani, wala si sakafuni. Iwapo sakafu haikugandishwa kwa simiti, kabati zito lisiwekwe pande zote mbili, maana litaibana isiweze kutanuka.

Kuhusu kiasi, chumba cha mita 4 kwa 3.5 kina mita 14 za mraba. Ukiongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyopotea katika ukataji, utahitaji mita 15.4 za mraba. Mbao zote zinunuliwe kwa pamoja, kwani rangi hutofautiana kati ya shehena na shehena.

Kabla ya kulipa, dhamana isomwe yote. Baadhi ya watengenezaji hutaja waziwazi kwamba dhamana yao haihusu vyumba vya vioo. Ahadi ya mdomo ya muuzaji haitamsaidia mnunuzi siku ya malalamiko.

Nyumba ikihamiwa, adui mkubwa huwa ni ndoo ya maji. Sakafu ya mbao haipigwi deki kwa maji ya kumwaga. Hufagiwa, kisha hupanguswa kwa kitambaa kilichokamuliwa sawasawa. Vyungu vya maua viwekwe juu ya sahani zilizoinuliwa ili hewa ipite.

Pwani na misitu

Kwa wakazi wa Mombasa, Malindi au Lamu, ushauri ni tofauti. Hewa ya huko ni nzito kwa unyevu karibu mwaka mzima, na chumba cha vioo huongeza joto lisilohitajika. Wajenzi wa kale wa Lamu walitumia boriti za mikoko kubeba sakafu za ghorofani, lakini uso waliokanyaga ulikuwa wa mawe ya matumbawe na chokaa. Busara hiyo ingali na maana, na vigae ndivyo chaguo bora huko.

Lipo pia suala la misitu. Mhuhu, mti mgumu uliotumiwa kwa miaka mingi kutengenezea sakafu na vinyago nchini, umepungua sana. Marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma ilitangazwa Februari 2018, na Rais William Ruto akatangaza kuiondoa Julai 2023, lakini msitu uliokatwa haurudi kwa tangazo. Mita moja ya ujazo ya mti, bila kuhesabu unaopotea kwa msumeno, hutoa mita 50 za mraba za ubao mzima wa milimita 20. Ikipasuliwa kwa milimita 4 kwa ajili ya ubao wa tabaka, hutoa mita 250. Mnunuzi anayeuliza mti ulikatwa wapi, na kwa kibali gani, huwa ameilinda nyumba yake na msitu kwa pamoja.