Ufafanuzi: Vipimo vya Tiba ya Nyuklia Vinavyobaini Tezi ya Parathairoidi Yenye Hitilafu Kabla ya Upasuaji

Ugonjwa unaotokana na tezi za parathairoidi kufanya kazi kupita kiasi hutibika kwa upasuaji. Kabla ya upasuaji huo, daktari hukabiliwa na maswali mawili tofauti. La kwanza ni iwapo mgonjwa ana ugonjwa huo, na jibu lake hutolewa na vipimo vya damu. La pili ni mahali ilipo tezi yenye hitilafu, na hapo ndipo vipimo vya picha vya tiba ya nyuklia vinapohitajika. Makala haya yanafafanua vipimo hivyo, tofauti zake na mambo ambayo mgonjwa anapaswa kuyazingatia.

Tezi ndogo zenye kazi kubwa

Kwa kawaida binadamu ana tezi nne za parathairoidi. Tezi hizo zipo shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi ambayo wengi huifahamu kutokana na ugonjwa wa goita. Ingawa majina yanakaribiana, kazi zake ni tofauti. Kila tezi ya parathairoidi ina ukubwa unaokaribia punje ya mchele, na hutoa homoni inayodhibiti kiwango cha madini ya kalsiamu katika damu.

Tezi moja au zaidi inapozalisha homoni hiyo kupita kiasi, kalsiamu hutolewa katika mifupa na kuongezeka katika damu. Mgonjwa anaweza kupata udhaifu wa mifupa, mawe kwenye figo, kiu, kukojoa mara kwa mara, kufunga choo na uchovu wa muda mrefu. Wapo pia wasioona dalili yoyote hadi wanapopimwa damu kwa sababu nyingine.

Kwa takribani asilimia 80 hadi 85 ya wagonjwa ambao chanzo cha tatizo ni tezi zenyewe, kasoro huwa ni kivimbe kimoja kisicho cha saratani. Waliosalia wengi huwa na hitilafu katika tezi zaidi ya moja, na saratani ya tezi hizo ni nadra sana.

Kwa nini mahali ilipo tezi ni muhimu

Si kila tezi hukaa mahali pake pa kawaida. Wakati wa ukuaji wa mtoto tumboni, baadhi ya tezi hushuka hadi kifuani au hujificha ndani ya tezi ya thairoidi. Historia ya tiba inaonesha gharama ya kutolijua hilo mapema. Charles Martell, nahodha wa meli wa Marekani, alifanyiwa operesheni sita bila kivimbe kupatikana. Kilipatikana kifuani katika operesheni ya saba, mwaka 1932, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston. Hata hivyo, ugonjwa ulikuwa umekwisha kumdhuru mno, naye alifariki dunia wiki chache baadaye.

Leo, tezi yenye hitilafu inapojulikana mapema, daktari anaweza kufanya upasuaji wa tundu dogo upande mmoja wa shingo badala ya kufungua pande zote mbili.

Njia ya sestamibi

Picha za kawaida za eksirei huonesha umbo la viungo, ilhali picha za tiba ya nyuklia huonesha utendaji wake. Mgonjwa hudungwa dawa yenye kiwango kidogo cha mionzi, kisha kamera ya gama hupokea mionzi inayotoka mwilini na kuonesha mahali dawa ilipojikusanya.

Dawa iliyotumika kwa miaka mingi zaidi ni sestamibi iliyounganishwa na teknishiamu-99m. Dawa hiyo hujikusanya katika mitokondria, yaani sehemu za seli zinazozalisha nishati, ambazo huwa nyingi katika vivimbe vya parathairoidi. Kwa kuwa tezi ya thairoidi nayo huipokea, zipo njia mbili za kuzitenganisha.

Njia ya kwanza ni ya awamu mbili. Picha hupigwa dakika chache baada ya sindano na kurudiwa baada ya takribani saa mbili. Thairoidi huachilia dawa mapema, wakati kivimbe huishikilia kwa muda mrefu zaidi. Udhaifu wa njia hii ni kwamba baadhi ya vivimbe huachilia dawa haraka na hivyo kutoonekana, huku vinundu vya thairoidi vikiweza kuishikilia na kudhaniwa kuwa ndivyo kivimbe kinachotafutwa.

Njia ya pili hutumia dawa mbili. Ya pili, kwa mfano iodini-123, huingia katika thairoidi pekee. Kompyuta huiondoa picha ya thairoidi kutoka katika picha ya sestamibi, na kinachobaki ndicho kinachochunguzwa. Njia hii husaidia zaidi tezi zenye hitilafu zinapokuwa zaidi ya moja. Hata hivyo, mgonjwa hulazimika kutulia bila kujitikisa, na matokeo huweza kuathiriwa na dawa za thairoidi au dawa za picha zenye iodini alizotumia karibuni.

Njia zote mbili huimarika zinapounganishwa na kipimo cha SPECT/CT, ambacho huonesha kina na ujirani wa kivimbe na viungo vingine. Picha bapa huonesha upande kilipo kivimbe, lakini haioneshi vizuri iwapo kipo mbele au nyuma.

Njia ya kolini

Kipimo kipya zaidi ni PET/CT kwa kutumia kolini iliyounganishwa na florini-18. Uwezo wake ulianza kuonekana kwa bahati, pale wagonjwa waliokuwa wakichunguzwa saratani ya tezi dume walipogundulika kuwa na vivimbe vya parathairoidi.

Picha za PET huwa na ung'avu zaidi, hivyo kipimo hiki hubaini vivimbe vidogo ambavyo sestamibi hushindwa kuvionesha. Aidha, hukamilika kwa muda mfupi zaidi. Mwaka 2021, miongozo ya Chama cha Tiba ya Nyuklia cha Ulaya ilikitambua kuwa mbadala unaoweza kutumika hata katika hatua ya kwanza. Pamoja na hayo, kolini huweza kujikusanya katika mitoki yenye uvimbe au vinundu vya thairoidi, hivyo picha zake nazo huhitaji msomaji mwenye uzoefu.

Kikwazo kikubwa ni upatikanaji. Nguvu ya mionzi ya florini-18 hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110, na huzalishwa kwa mtambo wa saiklotroni ambao lazima uwe karibu. Teknishiamu-99m hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6, lakini hupatikana hospitalini kutoka katika jenereta inayoweza kutumika kwa takribani wiki moja. Kwa sababu hiyo, sestamibi imebaki kuwa tegemeo katika maeneo mengi. Katika vituo hivyo, kolini hutumika pale picha za awali zinaposhindwa kuonesha kivimbe, zinapokinzana, au mgonjwa anapohitaji kufanyiwa upasuaji kwa mara ya pili.

Picha isiyoonesha kitu haifuti ugonjwa

Jambo la msingi kwa mgonjwa ni kwamba vipimo hivi ni ramani ya daktari wa upasuaji na havithibitishi wala kukanusha ugonjwa. Mgonjwa ambaye damu yake imethibitisha tatizo hapaswi kunyimwa upasuaji, wala kuukataa mwenyewe, kwa sababu tu picha haikuonesha kitu. Daktari bingwa mwenye uzoefu anaweza kuzichunguza tezi zote nne wakati wa operesheni.

Kwa kawaida picha za nyuklia huambatana na altrasaundi ya shingo, ambayo haina mionzi na huonesha pia hali ya thairoidi. Katika vituo vyenye uwezo huo, homoni hupimwa tena ndani ya chumba cha upasuaji. Ikishuka kwa zaidi ya nusu katika dakika 10 baada ya kivimbe kuondolewa, huwa ni ishara kuwa tezi husika imepatikana.

Usalama na maandalizi

Nchini Tanzania, huduma za tiba ya nyuklia hutolewa katika vituo vikiwemo Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Udhibiti wa matumizi ya mionzi upo chini ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Nguvu za Atomu Na. 7 ya mwaka 2003.

Kabla ya kipimo, mgonjwa anashauriwa kumweleza mtoa huduma iwapo ni mjamzito, ananyonyesha, anatumia dawa za thairoidi au za kushusha kalsiamu, au amepigwa picha kwa dawa yenye iodini siku za karibuni. Asiache dawa yoyote bila maelekezo ya daktari. Anashauriwa pia kufika na majibu yake ya damu pamoja na picha za awali, kwani usomaji sahihi wa picha mpya hutegemea kumbukumbu hizo.